Amasunzu Yangu

Mutu asiniambie kwamba nywele ni nywele tu. Mimi nimezililia mpaka leo, na nimezeeka.

Kwetu Goma, miaka ile ya hamsini, msichana aliyekomaa na hajaolewa alinyolewa amasunzu: wembe unapita katikati ya nywele, zinabaki matuta yaliyopinda kama mwezi mchanga. Ukimwona njiani unajua, huyu bado yuko kwa baba yake. Akiolewa tu, basi, hayavai tena. Yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, alinyolewa na bibi yetu kule Munigi, amekaa mkekani juu ya mawe meusi ya volkano. Aliposimama, loo! Hata mbuzi waligeuka. Niliona wivu, sifichi. Nikamuuliza bibi, "Na mimi?"

"Zamu yako inakuja, mutoto. Kwanza ukomae."

Lakini baba alikuwa karani, na karani binti yake lazima asome. Nikapelekwa shule ya masere, wale watawa wa kizungu. Hawakutaka nywele kabisa: kila muhula ukianza, mkasi, kichwa kinabaki kama yai. Wenzangu walizoea upesi, wakaanza kusema amasunzu ni mambo ya washenzi, na mama zao wenyewe waliyavaa! Nilikuwa nagombana nao mpaka naadhibiwa. Nikirudi nyumbani kwa vakansi, shule zikifungwa, bibi ananitazama kichwa, anatikisa chake. "Hapa nitanyoa nini?"

Basi nikaingojea siku ya kumaliza shule. Nikimaliza, nywele zikue, bibi aninyoe, nipite sokoni hata mara moja watu wanione. Sikutaka kingine.

Nilimaliza. Nywele hazijafunika hata ngozi, wakaja kuniposa. Kijana mzuri, infirmie, muuguzi wa hospitali, viatu vinang'aa. Sina neno baya juu yake. Nikamwomba baba harusi icheleweshwe kidogo. Akauliza sababu, nikamwambia. Wee! Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Harusi ingoje nywele? Masere walikufundisha nini?"

Bibi alikuwepo, anamenya viazi. Akachukua kiazi kingine, nami nikamkasirikia yeye kuliko baba.

Asubuhi ya harusi bibi aliniita nyuma ya nyumba, akanikalisha mkekani. Hakuwa na wembe. Alichovya kidole kwenye kikombe cha maji, akaanza kuchora juu ya kichwa changu, polepole, tuta la kwanza, tuta la pili, akizunguka masikio, midomo ameibana vile alivyoibana siku ya kumnyoa yaya. Nililia, hakuniambia ninyamaze. Alipomaliza alirudi nyuma kidogo, akanitazama sana.

"Umependeza, mwanangu," akasema.

Mama akaita kutoka mbele, gari limefika. Mimi nilitaka kuendelea kukaa pale pale. Jua lilikuwa limeshapanda, na nilisikia maji yakinikauka kichwani.