Waya za Milembe Zilikuwa Sawa

Ta! Kile kimlio ninacho masikioni mpaka leo. Ndivyo kiswichi cha kitotoleshi chetu, sanduku la kuangulia vifaranga kwa joto la taa, kilivyolia kila joto lilipotosha, taa ikazima. Siku mayai yalipoharibika hakikulia. Na mwenye kosa ni mimi jamani, si Milembe!

Nimeishia kidato cha nne, programu nimejifunzia kwenye simu. Rafiki yangu Milembe alifunga waya, mimi nikaandika programu ya kuongoza joto.

"Shoga, vitotoleshi hivi tutaviuza mpaka Ujiji," alikuwa akinitania, "tufuate njia ya wapagazi wa zamani, wewe ubebe mimi nipige kelele!"

Mama yake, pale Ipuli, akatukabidhi mayai yote ya kuku wake, sanduku likakaa kwake.

Nikajitia ujuzi. Sehemu ya kuzima taa niliiandika kwa asembli, lugha iliyo karibu kabisa na ya mashine yenyewe. Ilipokea namba nne, ikafanya kazi vizuri. Mchana mmoja nikaongeza ya tano, kikomo cha joto, ili baadaye tubadilishe kwa mayai ya bata. Nikadhani nayo italetwa kwenye rejista, vile vijisanduku vya ndani ya prosesa, kama wenzake.

Kumbe! Kwa bodi ile tuliyotumia, kompaila, programu inayotafsiri sehemu nyingine kwa lugha ya mashine, hupitisha namba nne za kwanza kwenye rejista. Ya tano huiweka kwenye steki, rundo la kumbukumbu. Kama mpagazi: mikono ikijaa, kinachobaki kinakwenda kichwani. Mimi nikasoma rejista iliyofuata, yenye masalia ya hesabu nyingine, linamba likubwa! Taa ikawa inangoja joto la tanuri. Wala sikujaribu. Nikaenda zangu kwaya.

Mama Milembe alipofungua, mayai yalikuwa yameiva.

"Nani kafanya hivi?"

"Mama... labda waya," nikasema, nami najua programu sikuijaribu.

Milembe akanigeukia. "Waya zangu?"

Nikainama kuzikagua. Ee Mungu wangu, nikazikagua!

"Kesho Puge kwa mjomba wako, ukashike jembe!" mama akamfokea. "Na hilo sanduku liondoke kwangu!"

Nikalileta kwetu Mtendeni. Nilipofungua asembli iliyotolewa na kompaila nikaliona kosa langu. Nampigia Milembe, hapokei. Nikikumbuka utani wake nacheka peke yangu.

Wenzangu, ukiharibu sema palepale. Ukichelewa, mwenzako anaubeba mzigo wako.

Leo nimerekebisha mstari ule mmoja, usome kwenye steki. Nikaliwasha tupu. Ta! Hakuna wa kumwambia, "Umesikia?"

Nikachukua kipande cha mkaa, nikaandika juu ya kifuniko: WAYA ZILIKUWA SAWA. KOSA NI LANGU. Nikajitwika sanduku, nikashika njia ya Ipuli.