Mbwa wa Nkowe na Kizazi Chake

Kwenye ofisi ya mifugo Ruangwa, mzee mmoja wa Nkowe alishuka kwenye bodaboda amempakata mbwa jike, mlinzi wa shamba lake la mihogo. Daktari alimpapasa tumbo.

“Mzee, kizazi kina uvimbe, nahofia saratani. Tukikitoa mapema anaweza kupona, ila hatazaa tena.”

Mzee akamshangaa. “Kwani huyu anawafukuza nguruwe pori kwa kizazi? Toa, mwanangu, nirudi na mbwa wangu.”

Tulicheka wote tuliokuwa tukisubiri zamu, isipokuwa mama mmoja aliyekuja na kuku wake. Alikaza kitenge kiunoni, akasema taratibu, “Mimi nilipotolewa changu, mume wangu alifungasha nguo akarudi kwao.”

Siku hizi nikisikia mume akimwita mkewe mbwa, natamani angemaanisha yule wa Nkowe.