Mwanamke wa Suti Nyeusi

Mwaka ule tulipokula sukuma wiki bila nyanya, nilienda mahakama ya mirathi mjini ili ploti ya marehemu mzee wangu iandikwe jina langu. Majirani walinionya: wake wa siri wa marehemu hujitokeza hapo kudai urithi. Nikiwa kwenye benchi nangoja wakili nisiyemjua ambaye mwanangu alinitafutia mtaa wa Hurlingham, akaja msichana wa suti nyeusi, ameshika kitambulisho cha mzee.

“Shosho, wewe ndiye mke wa huyu?” akaniuliza, kama mjukuu kwa bibi yake.

Moto ukaniwaka. “Sigawani na wewe hata kijiko.”

Akataka kueleza, nikamgeuzia mgongo, mimi na kiburi changu.

Ndani, hakimu akauliza wakili wangu yuko wapi. Nikasema huyo mwanamume amechelewa.

Msichana akasimama. “Ni mimi, mheshimiwa. Ila shosho ameniambia, ‘Sigawani na wewe hata kijiko.’”