Mjumbe wa Ghorofa ya Tatu

Baba aliporudi kutoka kazini alinukia mvuke na wanga wa nguo. Alipiga pasi mashuka katika chumba cha udobi cha hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, nasi tukikaa Hounslow, ugenini kwa Waingereza, ghorofa ya tatu, ambako ndege zilipita chini hata vikombe vikalia kabatini. Kabla ya mapinduzi alikuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria la Zanzibar, kwa jimbo moja la Pemba. Kiti kile alikikalia miezi michache tu, lakini majirani zetu Waswahili waliendelea kumwita Mheshimiwa, nusu kwa heshima, nusu kwa utani.

Majira ya baridi nilipokuwa na miaka tisa, tulitangaziwa kwamba chumba cha chini cha jengo letu kitafanywa stoo. Kwetu kilikuwa chuo cha Kurani kila Jumamosi, ukumbi wa maulidi na mahali pa kukalia matanga. Bila chumba kile tungebaki watu wa milango iliyofungwa. Mkutano wa wapangaji ulipoitishwa, Waswahili tulijaza safu mbili za mbele, na hakuna aliyefungua kinywa, kwa kuwa mkubwa wetu, baba yangu, alikuwamo na si adabu kumtangulia. Naye alikaa wima, mikono magotini, akingoja mwenyekiti amtaje kwa jina, kama ilivyokuwa desturi barazani kwao. Mwenyekiti, Mwingereza mpole mwenye mafua, hakumjua. Aliuliza kama kuna pingamizi, akatazama huku na huku, akasema basi, shauri litathibitishwa kwa kura baada ya wiki mbili.

Ngazini, Bi Zuwena, mwalimu wetu wa chuo, hakumsaza.

"Mheshimiwa, Pemba ulihutubia mpaka kuku wakenda kulala. Leo umetiwa gundi?"

"Sikupewa nafasi, Bi Zuwena."

"Nafasi! Hapa hata kwenye basi hupewi, bwana we. Unajipenyeza."

Baba alicheka, lakini chakula hakukigusa. Kesho yake alivaa koti lake la barazani, akaanza kuomba kura mlango kwa mlango. Mcheza kwao hutunzwa, wasema wahenga. Yeye alikuwa akicheza kwa wenyewe. Waume wengi walikuwa kazini, naye hakuona vyema kusimama peke yake mlangoni pa mke wa mtu, basi mimi nilibisha na kutangulia, yeye akizungumza hatua mbili nyuma, macho kwenye zulia. Mama mmoja wa Kisingasinga alitueleza kwa kirefu habari za madirisha yake yanayovuja. Baba aliandika kila neno.

"Kura haiombwi kabla ya kusikiliza shida, mwanangu," aliniambia tukishuka.

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yetu watoto, kwamba miguu inaniuma.

"Na mimi," akasema.

Katika mkutano wa pili aliinua mkono. Mwenyekiti hakumwona. Akauinua tena. Kisha akasimama, masikio yamemwiva. "Bwana Mwenyekiti, sijaruhusiwa, lakini nitasema." Alianza na madirisha ya yule mama, akamalizia na chumba chetu. Mikono iliyopanda nyuma yetu haikuwa ya Waswahili tu. Chumba kilibaki.

Baba ameshafariki. Mimi shule niliiacha mapema, na mengi ninayoyajua nimejisomea maktabani. Huko nilizitafuta kumbukumbu zilizochapishwa za baraza lake, nikazipitia ukurasa kwa ukurasa. Jina lake limo mara mbili: siku alipokula kiapo, na siku alipounga mkono hoja ya mwenzake. Siku hizi wapangaji wa Wembley, ninakoishi, hukutana kwenye simu. Wote husema kwa pamoja, wala hakuna anayemngoja mkubwa. Mambo huenda haraka zaidi, sikatai. Lakini mwanangu aliponiuliza babu yake alifanya nini katika siasa, sikumpeleka maktabani. Nilimpeleka Hounslow siku ya Jumamosi, tukasimama nje ya dirisha la chumba kile, tukawasikiliza watoto wakisoma.