Beseni la Mbegu za Samaki

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu kwenye mabwawa ya Auderghem, huku ughaibuni tunakoishi, pale msitu unapoanzia. Mzee mmoja akavua samaki mkubwa, akamtoa ndoano taratibu, akamrudisha majini. Binti yangu akanigeukia, akitaka kujua sababu: "Mais maman, juu ya nini anamurudisha?" Nikacheka mpaka mzee akanitazama. Kwetu Kivu, mtu wa kumrudisha samaki wa ukubwa ule angeitiwa mganga.

Lakini wadogo tuliwarudisha, rafiki yangu, na hapo ndipo nilipoharibu.

Bwawa la bibi lilikuwa chini ya shamba la maharagwe. Tuliwalisha tilapia majani ya mihogo na pumba, na mara moja kwa mwaka tulitoboa ukingo, maji yakatoka, watoto wa kilima kizima wakaingia topeni kukamata samaki kwa mikono. Samaki wakubwa walikwenda sufuriani na nyanya na pilipili. Naandika hivi mate yananitoka. Wadogo, ambao tuliwaita mbegu, waliwekwa kwenye beseni wangojee bwawa lijae tena. Mwaka ule mlinzi wa mbegu nilikuwa mimi. Kazi yenyewe nyepesi: beseni likae kivulini, maji yabadilishwe kila mara.

Wenzangu walikuwa wanapiga kelele topeni. Nikasema niingie kidogo tu. Niliporudi, jua lilikuwa limelifikia beseni, na samaki wote walikuwa wanaelea matumbo juu.

Bibi hakunipiga, na hilo ndilo lililoniliza. "Ile ilikuwa chakula yetu ya mwaka kesho," alisema. "Sasa utaenda kwa majirani, wewe mwenyewe. Utawaambia kwanza vile ulifanya, njo uombe mbegu."

Desturi ilikuwa hiyo: mwenye bwawa hanyimi mtu mbegu, ila mwombaji lazima aseme za kwake zimekwenda wapi. Jirani wa kwanza alinitaka niirudie hadithi mara mbili mbele ya wageni wake, mtu mbaya yule, kisha akanichotea mbegu kwa mikono miwili. Wa pili alinipa chache, na jani la mgomba la kufunikia beseni. Nilirudi nyumbani natembea kama niliyebeba mayai.

Tulipozimwaga bwawani, kwa wiki nyingi niliyakagua maji kila asubuhi, roho juu. Halafu siku moja bibi alimwaga pumba, na bwawa zima likatikisika kwa midomo midogo. Akanipa kopo. "Endelea wewe," akasema.

Bibi hayupo tena. Vita vilitutawanya, na bwawa, nimeambiwa, limeota majani. Inaniuma, sikufichi.

Nilimsimulia binti yangu yote haya ndani ya basi, tukirudi nyumbani Etterbeek. Kisha akasema chungu cha maua cha jirani wa chini, kile kilichokutwa kimevunjika ngazini, ni yeye aliyekivunja. Tulipofika mlangoni kwa jirani nilimwambia nitasimama nyuma yake. Akagonga mlango mwenyewe.