Mlamba Mawe

Ragnhild hamkuti mwenzake, mtaalamu wa miamba, ila akilamba jiwe. Huchukua kipande kilichochimbwa chini ya bahari, akakilamba, akatafuna chembe kwa meno ya mbele: ikikwaruza ni mchanga, ikiteleza ni udongo wa mfinyanzi. "Udongo huu haupitishi gesi, hata ipige magoti," huapa. Leo, katika ghala la mawe hayo mjini Stavanger, Norwe, picha mpya ya chini ya bahari ilionyesha gesi chafu ya viwandani waliyoizika huko imeupenya udongo huo, ikapanda, ikakwama chini ya tabaka la juu na kutandaa kama mafuta. Ragnhild akajiandaa kumpa pole. Mwenzake akaruka kwa furaha, kahawa ikamwagika. "Nimekosea, Ragnhild! Pana upenyo! Ona inavyotambaa, na mfuniko wa juu umeishika!" Kisha akalirudia jiwe la udongo uleule, akalilamba tena. "Mwongo wee," akaliambia, "na mimi nilikuamini kuliko mume wangu."