Ng'ombe Niliyempeleka Rebero Ndani ya Simu

Jamani, habari hii nimeificha kadiri nilivyoweza, lakini kwa kuwa kuna mtu aliirekodi na kuirusha kwenye makundi ya simu, na kwa kuwa hadi leo nikipita sokoni Kimironko wauza viazi wananiuliza kama ng'ombe wangu ameshapata chaji, naona heri niisimulie mwenyewe, angalau niongeze yale ambayo kwenye video hayaonekani. Nilijiaibisha mbele ya ukoo wa mchumba wangu, mbele ya ukoo wangu mwenyewe, na mbele ya padri ambaye, maskini, alikuja kula tu.

Mimi natengeneza video za harusi. Nina chumba kidogo karibu na soko la Kimironko, na wateja wangu wengi ni Wanyarwanda walioko Ulaya na Kanada, wale ambao harusi za ndugu zao zinawapita, basi wananitumia vipande vya video niviunganishe, niweke muziki na niwatoe wajomba waliosinzia. Zamani malipo yao yalipita mikononi mwa watu wengi njiani, na kila mmoja alikata chake. Siku hizi wananilipa kwa Bitcoin, inaingia kwenye simu chai ikiwa bado ya moto, na si mimi peke yangu, hata dada anayeshona jirani yangu anatumiwa hivyo hivyo na mwanawe aliyeko Nairobi. (Sisemi unanunulia sukari dukani, hapana, wakubwa bado wanaijadili sheria yake, lakini kati ya watu na watu inatembea.)

Sasa nikampenda Diane. Baba yake, Mzee Gasana, alikulia Uganda, akafanya kazi benki mpaka akastaafu, mtu wa suti na maneno machache. Siku ya kwanza kwenda kwao kujitambulisha aliniuliza nalipwaje, nikamwambia, nikangoja kufukuzwa. Yeye akakoroga chai yake, akasema, "Hata pale benki vijana waliniita kwa mkutano wa hiyo Bitcoin yenu. Zamani tulikuwa tunacheka. Sasa hakuna anayecheka." Mimi sentensi hiyo niliibeba mpaka nyumbani, nikailalia, nikaamka nayo. Nilijiambia baba mkwe amekubali, na kumbe mzee alikuwa ananieleza habari za kazini tu.

Na hapa lazima niwaambie kuhusu mama yangu, la sivyo mtacheka tu na hamtaelewa. Mama alikulia Burundi, mtoto wa wakimbizi, na baba yangu alimposa huko huko wakiwa hawana kitu. Baba hakutoa ng'ombe. Aliahidi kwamba wakirudi nyumbani atampeleka ng'ombe kwao mama kwa heshima zote. Walirudi, baba akaugua, akafariki nikiwa bado shule ya msingi. Mama hakuwahi kulalamika hata siku moja, lakini nilipomwambia nataka kuoa, swali lake la kwanza halikuwa msichana ni nani. Aliuliza, "Utatoa ng'ombe?" Nikamwambia nitatoa. Akasema, "Mimi nataka kuiona ikiingia kwa geti yao. Basi." Mimi nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia.

Uamuzi wangu ulikuwa mdogo kabisa. Akiba ya ng'ombe ilikuwa kwenye Bitcoin, bei ilikuwa inapanda, na kununua ng'ombe kulitaka niiuze, niende Kabuga kwa wafugaji, nitafute gari na karatasi za daktari wa mifugo. Nikajiuliza, ya nini? Wengine siku hizi wanatoa bahasha. Wengine wanakodi ng'ombe wa kupigwa picha na kumrudisha jioni (yuko mmoja nimemrekodi kwenye sherehe nyingi hata nadhani ananifahamu). Basi nikaamua nitatoa Bitcoin yenyewe, nitaunganisha simu na projekta, kila mtu aione kwenye skrini kubwa, na Mzee Gasana ajue amepata mkwe wa kisasa. Nilimweleza baba mdogo Vedasti, msemaji wa upande wetu, naye akaniambia, "Iko sawa, sha, tutawashangaza," maana yeye akishapewa kipaza sauti mengine hayamhusu. Mama sikumweleza. Nilimwambia ng'ombe iko tayari, na nikajiona sijadanganya.

Siku ikafika. Rebero, nyumbani kwa kina Diane, hema jeupe bustanini, wao upande ule, sisi upande huu. Mama aliwekewa kiti cha mbele chenye maua akakikataa, akaenda kukaa pembeni kabisa karibu na geti, nami nikadhani ni joto.

Kwa wasiojua gusaba yetu, yaani ile siku ya kuposa na kutoa mahari: wazee wa pande mbili wanataniana sana, binti amefichwa ndani na hatoki mpaka ng'ombe wapokewe, na upande wa binti unamtuma mtu wao akawakague ng'ombe na kurudi kutoa taarifa mbele ya wageni wote. Mtu wao siku hiyo alikuwa Mzee Nkusi, kaka mkubwa wa Mzee Gasana, mfugaji wa Kabuga, ambaye maishani mwake hajaamini kitu kisicho na mkia.

Ulipofika wakati wa ng'ombe, baba mdogo Vedasti akasimama, akakohoa, akatangaza kwamba ng'ombe wetu ni wa kisasa, hawakanyagi maua ya watu. Nikawasha projekta. Ikatokea akiba yangu, na chini yake ule mstari wa bei, ambao asubuhi ulikuwa wa kijani na umepanda vizuri, na saa ile (kwa nini saa ile?) ulikuwa umegeuka mwekundu na unateremka huku tunautazama.

Mzee Nkusi akainuka na fimbo yake, akavaa miwani, akatembea mpaka kwenye skrini, akaigusa kwa ncha ya fimbo. Halafu akazunguka nyuma ya skrini, akakaa huko kidogo. Watu wakaanza kujizuia wasicheke. Akarudi, akachukua kipaza sauti.

"Nimeenda, nimeona," akasema. "Ng'ombe iko nyekundu. Nyuma hakuna kitu. Na tangu nitoke kwa kiti mpaka nifike pale, imekonda."

"Imekonda namna gani, na haijatembea?" akauliza msemaji wao.

"Iangalieni wenyewe. Inateremka tu."

Hapo ningekaa kimya, utani ungeisha, maisha yangeendelea. Lakini mimi nikaona niwathibitishie, nikataka kubadilisha mstari wa siku uwe wa mwaka mzima, waone jinsi ng'ombe alivyonenepa, na kwa vidole vyenye jasho nikaifunga programu yenyewe, ikaniomba namba ya siri, nikaikosea, nikaikosea tena, na tena. (Namba ya siri ni siku aliyozaliwa Diane, na siku aliyozaliwa Diane ilikuwa imenitoka kichwani, tafadhali hili lisimfikie.) Ikajifunga. Kwenye skrini, kwa herufi kubwa, yakatokea maneno kwamba nijaribu tena baadaye.

Baba mdogo akanyakua kipaza sauti kuniokoa. "Ng'ombe wetu saa hizi wanapumzika," akasema.

"Basi na sisi binti yetu amepumzika," akajibu msemaji wao, na hema zima likacheka, mpaka padri akavua miwani ajifute machozi.

Katikati ya kicheko hicho nikasikia sauti ya mama yangu. Alikuwa amesimama getini, ameshika chuma, anatazama barabarani. Yeye alicheka wenzake walipocheka, ila skrini hakuwa ameiangalia kabisa, macho yake yalikuwa nje muda wote. Akageuka, akaniita kwa wasiwasi wa mama anayetaka kusaidia.

"Kalisa, gari ya ng'ombe imekwama wapi? Niende niwaonyeshe njia?"

Nilitamani ardhi inimeze.

"Mama, hakuna gari," nikasema. "Ng'ombe ndiyo hiyo. Iko kwa simu."

Akaitazama skrini, akanitazama mimi. "Aa. Sawa, mwana wangu," akasema, akarudi kwenye kiti chake, akanyoosha mkunjo wa mushanana, lile vazi lake la sherehe, akawatabasamia wageni ili mimi nisiaibike. Kicheko cha watu wote wale hakikuniuma kama hiyo sawa yake. Niliona nimemnyima kitu kimoja alichowahi kuniomba, na nimemnyima mbele za watu.

Mzee Gasana akasimama, ingawa baba wa binti siku hiyo hasemi. Akamuuliza mama kwa upole, "Mama, pale kwa geti ulikuwa unangoja nini?"

"Si kitu, mzee."

"Tuambie."

Mama akatazama mikono yake. "Kwetu haikutolewa. Tulikuwa wakimbizi, tungeitoa wapi? Baba yake aliniahidi, akafa. Nilitaka tu kuona moja ikiingia kwa geti ya watu, imetoka kwangu."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Gasana akanigeukia mimi, nikasimama wima na simu yangu iliyojifunga.

"Kalisa, nilikuambia benki wameanza kuikubali, na ni kweli. Hata mimi nimenunua kidogo, usimwambie mke wangu." (Mke wake alikuwa amekaa ubavuni mwake.) "Hiyo yako ni mali, siikatai. Lakini benki haiozeshi binti. Ng'ombe ni nyinyi kuja kwetu, mama yako akiwa mbele. Rudini Jumamosi ijayo."

Mzee Nkusi akaongeza kutoka kitini, "Kabuga ziko. Nitamuuzia. Na bei ya asubuhi ndiyo ya jioni."

Tukala, maana chakula kilishaiva, na mimi nikaenda kuiba maneno mawili na Diane kwenye dirisha la jikoni. Alikuwa amevaa, amepakwa, amepambwa. "Nimefungiwa ndani tangu asubuhi," akasema, "kumbe nangoja intaneti."

"Umekasirika?"

"Nina njaa. Kesho mpeleke mama Kabuga achague. Wewe usichague, utaleta yenye betri." Halafu akanishika mkono kupitia nondo za dirisha, akaukaza, na nikajua bado nina mchumba.

Niliuza Bitcoin yangu (bei ilipanda tena jioni ile ile nilipomaliza kuuza, na sitaki kulizungumzia). Kule Kabuga mama alitembea kati ya ng'ombe wa Mzee Nkusi bila haraka, akiwagusa mgongoni, akaishia kumpenda mmoja wa kahawia mwenye pembe ndefu, ambaye ndiye Mzee Nkusi hakutaka kumuuza. Mzee alisifu wengine wote, mama akabaki amesimama pale pale, mzee akachoka. Jumamosi gari likafika Rebero, Mzee Nkusi mwenyewe akamkabidhi mama kamba nje ya geti, na mama akaingia wa kwanza, polepole, wageni wote wamesimama. Kisha Mzee Nkusi akatumwa kumkagua ng'ombe aliyemfuga mwenyewe, akaenda na uso mkavu, akarudi kutoa taarifa kwamba ni mzima, ila anakotoka ametunzwa vizuri mno. Diane akatoka ndani. Tukaoana.

Bitcoin bado napokea, na Mzee Gasana ananipigia jioni kuniuliza bei, kwa sauti ya chini akiwa nyuma ya nyumba. Lakini ninayetaka kumalizia naye ni mama. Yule ng'ombe alirudishwa Kabuga afugwe kwa Mzee Nkusi, akazaa, na kwa desturi yetu upande wa binti unarudisha ndama kwa upande wa kijana. Tukaitwa. Mimi nilishajitayarisha, nimevaa viatu vyangu vya harusi, nimenyoosha mkono kupokea kamba, na Mzee Gasana akanipita kama vile mimi ni nguzo ya zizi, akasimama mbele ya mama yangu.

"Hii si ya watoto," akamwambia. "Hii inatoka kwa marehemu. Alikuahidi, amechelewa tu."

Mama akaishika kamba kwa mikono miwili, akalia bila kujificha, na mimi sikuwa nimewahi kumwona analia mbele za watu. Na mimi pale pale, nikiwa nimekanyaga samadi kwa viatu vile, nilijiapia kwamba mtu akiniambia tena anachotaka kukiona kabla hajafa, nitanyamaza, nitamsikiliza mpaka amalize, na nitakileta jinsi alivyokiomba.